Theluji ya Écija

Mji wetu wanauita kikaango cha Andalusia,
nami humo nikazaa mtoto, nikamwita Nieves,
maana yake theluji.
Lilikuwa jina la bibi yake, sikufanya mzaha.
Mzaha umefanywa na Julai.

Saa kumi na moja jioni kipimajoto cha duka la dawa
kinaonyesha arobaini na nne, halafu kinazimika
kama mtu aliyeropoka jambo la aibu.

Daktari alisema Down, kromosomu moja ya ziada.
Hakusema chochote kuhusu Julai.

Watoto wengine hulalamika. Hutupa viatu,
hulia maji, mama, maji!
Nieves halalamiki. Kiu kwake ni barua
inayochelewa njiani; ikifika
mwenyewe keshajilaza sakafuni.
Jasho lake nalo ni bahili.
Basi nimejifunza kumsoma masikio:
yakiwa ya waridi, twende kivulini;
yakiwa mekundu na makavu, naacha kila kitu,
hata sufuria na iungue.

"Mkaidi huyu," alisema mpita njia mmoja
siku Nieves alipoketi katikati ya njia
tukienda kwa mwalimu wa matamshi.
Alikunja miguu, akawa gunia la mchanga.
Sikumjibu yule mama. Ningeanzia wapi?
Kwamba moyo huu ulishonwa akiwa na miezi minne?
Kwamba mwili wake ukichoka haupigi hodi?
Eulogio wa baa ndiye aliyetoka, taulo begani,
akalilowesha kwa maji ya mtungi,
akamzungushia shingoni.
"Ingia ndani, Theluji," akasema,
"ila usiniyeyukie, nimepiga deki sasa hivi."
Akacheka. Akasimama.

Kofia ilikuwa vita.
Aliitupa kwenye chemchemi ya uwanjani mara tatu,
mpaka nami nilipovaa yangu, na babu Fermín yake,
na mbwa, na Bikira mdogo wa plasta juu ya friji.
Sasa anaivaa kwa masharti: lebo ikatwe,
na mbwa atangulie.

Lakini maji, maji ndiyo yaliyonitoa machozi.
Glasi aliisukuma. Chupa aliisukuma.
Mrija aliutafuna.
Hadi harusi ya binamu yangu, alipowaona watu wazima
wakigonganisha glasi na kunywa bila ubishi.
Tangu hapo, kila nusu saa, kengele ya jikoni ikilia,
nyumba hii ni karamu.
Tunainua vikombe vya bati.
Kwa lifti! (imeharibika tangu Mei.)
Kwa friji!
Kwa paka wa Doña Visitación!
Ting! Na anakunywa hadi tone la mwisho,
kwani mtu mwenye adabu
hamtakii paka afya ya nusu kikombe.

Mchana tunafunga madirisha, tunalala juu ya vigae,
shuka bichi limening'inia mlangoni.
Ananihesabu vidole vya miguu;
akifika saba anaanza upya.
Sina haraka. Jua pia halina.

Saa sita usiku joto bado limekaa ukutani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Tuko roshani. Kengele inalia, siisikii,
nimechoka hata kope zinauma.
Yeye ananigusa sikio, anakunja uso.
"Moto," anasema.
Anakwenda, anarudi na vikombe viwili,
kimoja kimemwagika nusu njiani.
Anainua chake, anatafuta neno,
ulimi ukihangaika kama mguu katika kiatu kipya:
"Kwa... jua!"

Mimi na jua hatusemezani tangu Juni.
Sitaki kumnywea adui.
Lakini amesimama pale, mkono juu, ananingoja,
na kikombe kinaanza kutetemeka.

Ting.